Aliyenitukana na Aliyeniitikia

Walioketi barazani kwetu Jumapili ile, baada ya misa ya pili, ni hawa. Bwana yangu, mwenye nyumba, ingawa nyumba yenyewe ilikuwa ya kampani. Yaya yake, yaani kaka yake mkubwa, aliyefika na lori kutoka Kambove asubuhi hiyo, kwa sababu katika ukoo wao neno ambalo yeye hajalisikia lilikuwa bado si neno. Mama mudogo wangu, mdogo wa mama aliyenizaa, aliyenilea baada ya mama kufariki, na ambaye hakumwogopa mtu yeyote isipokuwa padre. Mutani wangu, muuza samaki, mjane. Na mwisho, aliyechelewa kufika, mke wa kapita, yaani mnyapara aliyemsimamia bwana yangu kazini. Mimi nilikuwa nikiingia na kutoka na sahani, kwa hiyo kuna maneno niliyoyasikia nusu.

Majina yao yote ninayo. Kila mmoja alikuwa nayo mawili: lile la ubatizo, tulilolificha wakati ule serikali ilipokataza majina ya kizungu na tukaitana sitwayeni, yaani mwananchi, na lile la mababu, tulilolitoa sandukuni kwa haraka ili mtoto aandikishwe shule. Naweza kuyataja yote mawili, na ya baba zao, na ya kijiji alikotoka kila mmoja. Sitayataja. Watoto na jamaa zao wangali wananipa mkono kanisani.

Jambo lililotukusanya lilikuwa langu. Nilitaka kufungua malewa, nyumba ya kula ya watu wa kazi: benchi, meza, bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki, maji ya kunawa pale mlangoni. Na siku ile nilitakiwa kusema nitaifungua na nani. Wanawake waliotaka kuingia pamoja nami walikuwa wawili, na wote wawili walialikwa, maana kwetu mtu hakataliwi nyuma ya mgongo wake.

Kwa nini malewa? Nyumba ya kampi, kambi ya wafanyakazi wa kampani, ni nyumba ya kazi. Mwanaume akiumia, akifukuzwa, akizeeka, ufunguo unarudi ofisini, na wewe unatoka na sufuria kichwani. Niliona hivyo kwa jirani yetu wa ukuta mmoja. Bwana yake alikohoa mpaka wakamrudisha kijijini, na kabla mwezi haujaisha mwanamke mwingine alikuwa anafagia pale alipokuwa anafagia yeye. Bwana yangu alitumika kwenye mabwawa ya asidi, kule wanakosafisha shaba. Nguo zake zilitoboka zenyewe kwenye kamba. Nilikuwa nikizishona viraka huku nikiwaza kwamba hata ngozi yake siku moja itataka kiraka. Nilitaka, kabla siku yetu haijafika, niwe na mlango mmoja hapa Likasi ambao ufunguo wake hauna ofisi.

Mahali palipatikana. Karibu na soko la Kikula kulikuwa na duka la mikate la Mgiriki mmoja. Serikali ilipochukua maduka ya wageni na kuwapa watu wengine, aliyepewa lile alikula unga wote, akauza hata milango ya jiko, akafunga. Mzee mmoja wa parokia yetu alilinunua, akaniambia ananijua mimi na mkono wangu, nianze tu. Lakini mtu mmoja hawezi malewa. Mmoja lazima apande lori kwenda upande wa Mwadingusha, kwenye maji ya bwawa, akasubiri wavuvi, akachague samaki akiwa bado na macho mazuri. Mwingine abaki na moto. Ukienda wewe, jiko linazimika. Ukibaki, unaletewa samaki aliyekataliwa na kila mtu. Ndiyo maana nilihitaji mwenzangu.

Sasa nieleze kuhusu mutani wangu, kwa sababu vijana wa leo wakisikia mtu anakutukana wanadhani ni ugomvi.

Mimi ni wa ukoo wa Mbuzi. Yeye alikuwa wa ukoo wa Chui. Chui na mbuzi kwetu ni banungwe, watani. Hakuna aliyetuuliza kama tunapendana. Tulizaliwa hivyo. Ana ruhusa ya kunitukana njiani, kuchukua kitu changu, kumcheka marehemu wangu msibani, na mimi kwake vilevile, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Alikuwa akipita kampi yetu na beseni la samaki kichwani, na sauti yake ilifika kabla ya harufu.

"Mbuzi! Toka inje! Chui anafika!"

"Chui gani? Minye naona paka ya kuzeeka, inabakia na jino moja."

"Hii jino moja njo itakukula. Leta chumvi, leo nakukula mubichi, hata moto sitawasha."

"Utakufa na mifupa ku koo."

"Nitakufa nimeshiba. Weye utakufa na njaa, na ile bukari yako ya kujengea nyumba!"

Hilo la bukari alilipata siku ya sikukuu ya parokia, nilipopika mara ya kwanza kwa kuuza. Kila mama aliyeonja alisema, "Nzuri, mama, nzuri." Yeye aliweka tonge mdomoni, akalitoa, akalionyesha watu wote. "Muangalie! Hii si bukari, hii ni udongo ya kupiga matofali. Mbuzi, unataka kuuzisha chakula ao kujengea padre nyumba ya pili?" Watu walicheka mpaka sista akatoka kutazama. Nilimwaga sufuria ile, nikaanza upya, na ile ya pili iliisha yote. Wale waliosema nzuri, mama, nzuri, hawakuwa wamenunua hata sahani moja.

Mara nyingine alichukua kifuniko cha sufuria yangu kubwa, akaondoka nacho mchana kweupe akikipiga kama ngoma, na ilibidi nikikomboe kwa kikombe cha mafuta na nyimbo mbili. Jirani zangu waliotoka Kasai walidhani ni mwizi. Mimi siku ile nilikuwa nimeamka na huzuni, na alipofika mwisho wa barabara nilikuwa nimekaa chini nacheka.

Alijua wavuvi wote wa bwawani. Bwana yake alikufa kwenye shimo la machimbo la Kambove, na tangu hapo samaki ndiye mume wake, alisema mwenyewe, "tena hii bwana hainuke pombe." Hakukaa kampi. Alikuwa na chumba cha matofali ya udongo kule cité, mtaa wa watu wasio wa kampani, na ufunguo wake aliufunga shingoni.

Mke wa kapita alikuwa mtu mwingine kabisa, na nataka nimtendee haki, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole. Alikuwa kiongozi wetu kwenye fuaye, nyumba ya kina mama ya kampi ambako tulijifunza kushona na kupanga meza, na alikuwa akishika mkono wa mwanamke asiyejua sindano kama unavyoshika mkono wa mgonjwa. Hakuwa na watoto. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vingi na hakuna wa kuvichafua. Aliposikia habari ya malewa alinisubiri mlangoni, akaniambia polepole, akiangalia viatu vyake, "Mama, kama unatafuta mwenzako, minye pia niko." Nilishindwa kulala kwa furaha. Na kwa woga.

Mtu ambaye hajakaa kampi hataelewa woga huo. Kampini mke alivaa cheo cha bwana yake. Kwenye bomba la maji, kwenye mstari wa posho, hata kanisani, ulijua ukae nyuma ya nani. Mwanamke mmoja wa barabara yetu aligombana na mke wa kapita mwingine juu ya ndoo, ndoo tu, na bwana yake akabadilishiwa zamu mpaka akawa hapati usingizi. Labda ilikuwa bahati mbaya. Hakuna aliyeamini ni bahati mbaya.

Basi Jumapili ile, kabla mke wa kapita hajafika, yaya alifungua kikao. Mutani wangu alikuwa ameketi pale pale kwenye mkeka, anachambua mifupa ya samaki aliyemleta mwenyewe, anasikia kila kitu.

"Bibi ya ndugu yangu," yaya akasema, "minye nitasema kidogo. Muntu anatumika chini ya muntu. Kama bibi ya kapita anaweka mukono mu sufuria yako, nani tena atagusa bwana yako ku kazi? Hii si malewa, hii ni ukuta."

Mama mudogo akauliza, "Na ukuta inajua kununua samaki?"

"Samaki inanunuliwa na kila muntu, mama."

"Inanunuliwa na kila muntu, inaoza na kila muntu," mutani akasema bila kuinua kichwa, akimwita yaya kwa heshima ya baba. "Tate, weye uliona wapi mbuzi anajificha nyuma ya ukuta, chui anashindwa kuruka?"

Yaya akacheka, maana yeye pia, kwa ajili yangu, alikuwa shemeji wa Mbuzi, na utani ulimgusa kidogo. "Weye Chui, nyamaza, tunakupima hapa."

"Munipime vizuri basi. Mifupa yote iko ndani."

Bwana yangu alikuwa anaangalia mikono yake, vile alivyozoea, akiigeuza juu na chini. Nilimtazama nikiwa nimesimama mlangoni na sahani. Sikuwahi kumuuliza alitaka nini siku ile. Nilidhani najua.

Mke wa kapita akafika, amevaa kitenge kipya, amebeba keki ndogo iliyofungwa kwenye taulo. Wote tulisimama. Bwana yangu alitoa kiti chake cha mikono, kile kimoja tulichokuwa nacho, akakifuta. Mutani alisogeza mkeka ili miguu ya mgeni ipite. Tukala keki. Tukasifu keki. Hapo yaya akageuka kwangu: "Bon, mama. Ni weye utapika. Sema."

Nikasema. Nilisema nimeona vema nianze na mke wa kapita, na kwamba huyu wa samaki tutanunua kwake siku zote, hatatuacha.

Mutani akapiga makofi.

"Aaa! Muangalie mbuzi ya mwaka huu! Anakimbia chui, anaenda kulala ku mulango ya muchinja nyama!"

Watu wote walicheka. Mke wa kapita alicheka kuliko wote, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akasema, "Ah, huyu mama, huyu mama." Sijui kama alielewa nani ndiye mchinja nyama. Mutani akaomba munkoyo, akanywa, akajifunga kitenge chake, akabeba beseni tupu. Mama mudogo alimsindikiza mpaka barabarani. Mimi nilibaki na mgeni.

Malewa ilianza vizuri. Lazima niseme hivyo, kwa sababu watu wanapenda hadithi ambayo mabaya yanaanza siku ya kwanza. Mke wa kapita alileta vitambaa vya meza alivyoshona mwenyewe. Alijifunza kupanda lori la Mwadingusha, yeye ambaye hakuwahi kukaa juu ya gunia, na alirudi na samaki amekumbatia kikapu kama mtoto mchanga. Samaki wengine walikuwa wameshachoka, shavu limepauka. Nilisema, "Aksanti, mama, ni wazuri." Nilizidisha pilipili. Yeye alionja sombe yangu, akasema, "Nzuri, mama." Tulikuwa hivyo. Ndiyo mama, aksanti mama, pole mama. Mtu aliyetupita angedhani ni masista wawili wa shirika moja.

Wanaume wa zamu ya asubuhi walikuja kwa wingi. King'ora kikilia, unawasikia wanavyoteremka, na harufu ya asidi inaingia mbele yao. Lakini niliona kitu mapema, na sikukitilia maneno: walikuwa wanakula kimya. Nimeishi na watu wa kazi maisha yangu yote, najua sauti yao. Mtu wa kazi akitoka zamu anakula na mdomo mmoja na kumlalamikia kapita na mdomo wa pili. Ndiyo chumvi yake. Anaiga vile kapita anavyotembea, anaiga vile mzungu anavyoita, anatukana mashini, anatukana posho, halafu anaosha mikono amepona. Kwetu waliketi wima kama kwenye picha. "Jambo mama. Aksanti mama. Kwa heri mama." Nani angemlalamikia kapita mbele ya bibi ya kapita akimkatia bukari?

Mmoja tu alijisahau. Alikuwa mcheshi wa zamu yao, mtu mrefu mwembamba. Siku moja alisimama na kijiko mkononi, akatembea kama kapita, tumbo mbele, mkono nyuma, "Weye pale! Weye pale!", na benchi zote zikaangua kicheko, mara ya kwanza tangu tufungue. Mke wa kapita alicheka mpaka akashika ukuta. "Kweli ni yeye," alisema, "hata kwa nyumba anafanya vile!" Nilifurahi. Nikawaza, sasa malewa imezaliwa.

Nadhani alimsimulia bwana yake kwa upendo, kama mke anavyosimulia jambo la kuchekesha. Au hakusimulia kabisa. Ninachojua ni kwamba haukupita muda, yule mcheshi akapelekwa Kambove, shimoni, mbali na mke aliyekuwa na mimba. Inawezekana jina lake lilikuwa limeshaandikwa tangu zamani. Kampani ilihamisha watu kila siku. Lakini zamu nzima ilijua alicheza wapi na mbele ya nani.

Benchi zikaanza kutoka watu kama nywele za mgonjwa. Kwanza wale wa mabwawa, kisha wa tanuri. Bwana yangu aliniambia jioni, akivua viatu, "Banasema malewa yako iko na masikio."

"Na weye unawaambia nini?"

"Minye? Minye natumika chini ya kapita."

Mwenzangu aliniuliza akiwa ameshika mwiko, anatazama mlangoni, "Mama, bantu banabakia wapi siku hizi?"

Ilikuwa wakati wa mvua. Nikasema, "Ni mvua, mama."

Mvua ikakatika siku kadhaa. Akauliza tena. Nikasema posho imechelewa. Akauliza tena, nikasema Kwaresima. Kila mara aliitikia, "Ni kweli, mama." Na kila mara nilisikia ndani yangu sauti nyingine, ya mtu anayepiga kifuniko cha sufuria barabarani, ikisema, Mbuzi, mwambie! Huyu mama akae nyuma kwenye moto, weye kaa mbele na watu. Ni hatua tu kutoka meza mpaka jiko. Lakini maneno hayo nilikuwa sina njia ya kuyabeba. Kumwambia mke wa kapita, "Mama, watu wanamwogopa bwana yako, usionekane," ni kumpiga kofi bwana yake kwa mkono wa bwana yangu. Mtani angeyasema akiwa anatafuna.

Tulifunga baada ya Pasaka. Siku ile tulikuwa tunaosha sufuria za mwisho, yeye anasugua, mimi naweka juani. Ndipo aliposema, bila hasira, "Mama, ni juu yangu, si vile?"

Niliigeuza sufuria juani.

"Ungeniambia, mama. Minye ningekaa ku jiko. Ningekaa ku nyumba, hata."

"Nilikuwa naogopa, mama."

"Minye pia nilikuwa naogopa." Akasugua kidogo. "Sombe yako iko na chumvi ya kupita, tangu zamani. Bantu balikuwa banakunywa maji sawa ngombe. Nilikuwa nasema, huyu njo mwenye kujua kupika, nitamuambia namna gani?"

Tukatazamana. Tulicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kimechelewa, hakikuwa na pa kwenda. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote tulizotumika pamoja. Alichukua vitambaa vyake vya meza, akaniachia kimoja. Mzee wa parokia akachukua ufunguo wake. Na bwana yangu aliendelea na kazi yake vile vile, bila kupandishwa wala kushushwa. Ukuta aliousema yaya haukuwa umezuia kitu wala kuangusha kitu. Haukuwapo.

Wakati huo mutani alikuwa ameshafungua ya kwake. Hata si malewa ya kweli: mabati manne, mbabula mbili za makaa, benchi za mbao za sanduku, pale watu wanaposhukia kwenye malori. Aliifungua na wifi yake, dada wa marehemu bwana yake, mwanamke mwenye sauti kama yake. Walikuwa wanatukanana tangu kuwasha moto mpaka kuzima. "Samaki hii uliiokota wapi, ku kaburi?" "Na weye bukari hii uliikoroga na muguu?" Wanaume walikuja hata kusikiliza tu. Waliiga makapita wote wa Likasi pale, mmoja baada ya mwingine.

Nilipita mbali mara nyingi. Halafu siku moja, sina kazi, sina malewa, nikajiambia, yule ni Chui wangu. Mbuzi anaweza kuchelewa, lakini haachi kuwa Mbuzi. Nikajifunga kitenge kizuri, nikaenda. Nilikuwa nimetayarisha hata tusi la kuingilia nalo. Nilitaka kumwomba nafasi, hata ya kuosha sahani. Nilijua atanicheka. Nilikwenda nikikitamani kicheko hicho. Nilijua atasema nimekuja kuchinjwa mwenyewe, atawaita watu wote waje waone, nami nitajibu, na baadaye atanisukumia ndoo.

Aliponiona alifuta mikono. Akatoa kiti kutoka ndani, si benchi, kiti, akakipangusa kwa kitambaa. Watu walikuwa wanakula, kelele zimejaa.

"Karibu, mama," akasema. "Ukae. Habari ya nyumba?"

"Chui," nikasema, "hii nyumba ya mabati uliiba ku nani? Au jino lako moja liliuzwa?"

Akatabasamu. "Tuko nayo kwa neema ya Mungu, mama. Bwana yenu, iko muzima?"

"Iko muzima."

"Na batoto?"

"Bazima."

Akaniletea sahani mwenyewe, samaki mzuri, sehemu ya katikati. Akasimama pembeni mpaka nilipoonja. "Inafaa, mama?" Nyuma yake wifi alikuwa anamfokea mtu kwa furaha, na mtu yule anajibu. Nilijaribu tena. Nilimwambia samaki wake ananuka viatu vya marehemu. Akainamisha kichwa, kama mtu anayesikia salamu, akasema, "Utatusamehe, mama."

Nilimaliza sahani. Sikuomba lile nililokwenda kuomba. Unaweza kumwomba kazi mtu anayekutukana. Anayekufutia kiti, utamwomba nini? Alinisindikiza mpaka barabarani, kama unavyomsindikiza mke wa mkubwa, akanipa mkono kwa mikono miwili.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na tulisalimiana kila Jumapili. "Jambo, mama." "Jambo, mama." Hakuniita Mbuzi tena. Sikufungua kitu kingine maishani. Nilishona, nilipanda sombe nyuma ya nyumba, na siku ya bwana yangu ilipofika nilitoka kampi na sufuria, kama yule jirani.

Nilikuwa nikisimulia daima kwamba ni yeye aliyeacha utani wetu, pale kwenye mabati, na ninyi wengi mmesikia kutoka kwangu hivyo. Lakini mwaka huu binti yake amenitembelea. Alikuwa mtoto mdogo wakati ule, kwa hiyo anachosema alikisikia kwa mama yake. Anasema mke wa kapita alipoingia na keki yake, aliuliza, "Na huyu ni nani?", na mimi sikusema huyu ni Chui, wala huyu ni mutani wangu. Anasema nilisema, "Ni mama moja anatuuzishaka samaki." Na kwamba mama yake aliguna tu, akasogeza mkeka.

Mimi sikumbuki kulisema. Nakumbuka kitenge cha mgeni, nakumbuka taulo la keki lilikuwa na mistari ya buluu. Neno hilo silioni. Waliokuwapo wamekwisha karibu wote, lakini barabara ile ilikuwa na masikio na kuta zilikuwa nyembamba. Kama kuna aliyesikia, au mama yake alisikia akamsimulia, na kama nilisema hivyo kweli, au sikusema, aje aniambie. Nikiwa nimekosea, anisahihishe waziwazi, hata mbele ya watu. Asiseme la kunipendeza tu.